Mfalme Amenyamaza Jukwaani

"Huyu Muriel mnakutana naye kufanya nini?"

Clive, taji kichwani, ndevu za bandia zimeshika upande mmoja tu, alimtazama mkewe kwenye kioo cha chumba cha waigizaji. Gwenda alikuwa ameishika simu ya mumewe, na meseji ya Muriel ya wiki iliyopita ilisomeka wazi: "Kesho mapema, mkeo akiwa kazini. Usiogope, hatajua."

"Mambo ya mchezo tu, mpenzi."

"Mchezo upi? Nimekuzalia watoto watatu, Clive. Usinifanye mjinga."

"Tukimaliza nitakueleza."

Kengele ikalia. Ukumbi wa kanisa mjini Tewkesbury, Uingereza, ulifurika majirani, wamekuja kumwona mfalme aliyemfungia malkia wake ngomeni miaka nenda rudi, na leo, sikukuu ya Krismasi, anamfungulia ili amwombe radhi. Gwenda, ambaye ndiye aliyekuwa malkia, alipanda jukwaani. Alikuwa na hakika anaachwa.

"Mke wangu," mfalme akaanza kwa sauti nzito, "nilikufungia kwa sababu..."

Akanyamaza.

Nyuma ya pazia, Muriel, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kitabu na kuwakumbusha waigizaji maneno, akanong'ona. Kimya. Akarudia, mpaka watu wa viti vya mbele wakamsikia. Clive aliangaza huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa:

"Gwenda. Hapa ni wapi?"

Wivu wote ukamtoka Gwenda, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Heri angekuwa na mwanamke. Na mwanamke mwenzake angeweza kupambana.

Akamshika mikono yote miwili.

"Ulinifungia kwa sababu uliniogopa, bwana wangu," akasema kwa sauti ya malkia. "Sema ndiyo."

"Ndiyo."

"Na sasa unaniomba msamaha."

"Nakuomba. Nisamehe."

Watu wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Hakuna aliyejua alichokiona.

Walipoingia kubadilisha nguo, Muriel aliwapisha.

"Tangu lini?" Gwenda akauliza.

"Tangu kiangazi. Daktari amethibitisha kumbukumbu zinanitoka. Muriel ananifundisha maneno, usiku nalala, asubuhi hayapo."

"Na mimi ukanificha."

"Niliogopa. Nilijua utaanza kunitazama hivyo unavyonitazama sasa."

Gwenda akainamisha macho. Akaanza kumbandua ndevu taratibu.

"Unaogopa," Clive akasema.

"Sana. Sijawahi kuogopa hivi."

"Na siku nikikusahau wewe?"

"Nitakutongoza upya. Mara ya kwanza ulinizungusha mwaka mzima. Safari hii usinichoshe, na mimi nimezeeka."

Clive akacheka mpaka akalia. Gwenda akamkumbatia na joho lake lote la kifalme.