Mahari ya Kabuchai

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, kila mtu Kitale hukumbuka kwamba ana diploma. Saiba, duka la kompyuta la nyuma ya soko, ilijaa hadi mlangoni, printa ikikohoa, na Chelangat alikuwa akibadilisha mguu huu na huu kama kuku aliyekanyaga jivu la moto. Sweta ya maruni, sketi ya bluu iliyonyooshwa kwa pasi hadi ikakaribia kukata mtu, bahasha ya kaki kifuani. Ndani yake mlikuwa na diploma ya uuguzi, leseni mpya, na barua tisa za "tutakujulisha".

Mkono wa mwanaume ukachukua karatasi zake kwenye printa.

"Hiyo leseni ni yangu," Chelangat akasema. "Ama na wewe ni nesi?"

Kijana akatazama karatasi, kisha overoli yake ya manjano yenye bisibisi mfukoni. "Pore, dada."

"Umesema pore?"

"Si nimesema tu pore."

Foleni ikacheka. Kijana alikuwa mtu wa Bungoma, na kwake herufi L ilikuwa mgeni wa kupita tu, leo yupo, kesho hayupo. Aliitwa Sikuku. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji za chanjo, zahanati hadi zahanati, kutoka Bungoma mpaka Kitale. Chelangat akataka kujua sikukuu yenyewe huwa mwezi gani. Akajibiwa ni hii ya leo. Namba zilibadilishwa kabla printa haijamaliza kikohozi chake.

Ikafuata miezi mitatu ya simu. Sikuku alimwita sista wangu, naye Chelangat akamuuliza mbona fundi wa baridi ana maneno ya moto hivyo. Lakini mapenzi hayakumtuliza. Chuo kimoja kilikuwa tayari kumpokea asome digrii ya uuguzi juu ya diploma yake, miaka miwili, mradi alete barua ya zahanati au hospitali kwamba amehudumu mwaka mzima. Hospitali nazo hazikutaka mtu ambaye hajahudumu popote. Njia nyingine ilikuwa kuanza digrii upya, miaka minne, kama mtu ambaye hajawahi kushika sindano. Huko Kibomet, mtaa alikopanga chumba, aliamka akiangalia barua pepe, akapiga mswaki akiangalia barua pepe, hata kanisani wakati wa sala jicho moja lilikuwa kwa simu.

Na Sikuku alijua sharti: neno ndoa lisitajwe kabla ya chuo. Shangazi wawili wa Chelangat, kule mlimani Elgon, waliacha kozi katikati kwa sababu ng'ombe walifika nyumbani mapema.

Ijumaa simu ikalia. Upepo ulikuwa mwingi upande wa Sikuku.

"Cheli, mpenzi, nimekupatia mahari."

"Umenipatia nini?"

"Mahari. Tena nzuri, huku Kabuchai. Nimeongea na mzee, amekubali. Jumatatu saa mbili uje wakuone."

Chelangat akahisi masikio yanachemka. "Na hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, na wewe ndiye unanisumbua kila siku?"

"Mimi nakusumbua? Hiyo mahari yako mpe msichana mwingine."

Upande wa pili, Sikuku alikuwa amesikia msichana wa mjini akiidharau kazi ya zahanati ya mashambani aliyomwombea kwa magoti wiki mbili.

"Sawa," akasema. "Kuna mwingine, Nabwile. Amekuwa akiitaka sana."

"Mbarikiwe," Chelangat akasema, akakata.

Jumamosi aliosha kuta. Ndio, kuta. Jumapili alifua yunifomu yake nyeupe mara mbili ingawa hakuna aliyeivaa, akamfungia Sikuku kwenye simu, akamfungulia, akamfungia tena. Jumatatu saa moja asubuhi Rosaline, fundi cherehani waliyeishi naye chumba kimoja, akachoka na zile nyayo za kwenda na kurudi, akamwambia arudie alichosema huyo mwanaume, neno kwa neno.

Akarudia. Rosaline, mzaliwa wa Bungoma, akaweka mkasi chini.

"Cheli, huko kwetu hakuna mahali. Kuna mahari tu. Pa kukaa ni mahari, ng'ombe za kuolea bibi ni mahari. Unaangalia mtu uso ndio ujue ni gani. Sasa wewe ulikuwa kwa simu."

Yunifomu ilivaliwa mbichi. Simu ya Sikuku haikupatikana, na Chelangat alifika zahanati ya Kabuchai saa tatu na nusu, viatu vyekundu kwa tope. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi, watoto wanalia kwa zamu. Mlangoni alisimama msichana mwenye miwani mizito na barua ya kuajiriwa mkononi, akimuuliza kwa upole kama ameleta mtoto. Huyo ndiye Nabwile. Hakuwa bibi harusi wa mtu. Alikuwa nesi wa diploma kama yeye.

Sikuku alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji.

"Nilidhani ni mahari ya ng'ombe," Chelangat akasema.

Sikuku akainuka polepole. "Na mzee?"

"Nilidhani ni baba yangu."

"Ni Mzee Masika, msimamizi wa hapa." Alitaka kucheka, akaona macho ya Chelangat, akaacha. "Kwa hivyo nimempa mtu kazi yako."

"Mimi ndiye niliitoa. Kwa mdomo wangu."

Angeenda nyumbani. Lakini foleni ya chanjo ilikuwa ndefu, Nabwile ni mmoja, na Chelangat hajui kusimama bure. Akatundika mkoba kwenye msumari, akavuta mizani, akaita mtoto wa kwanza. Saa saba Mzee Masika alitokea na kikombe cha chai, akamtazama kwa muda akidunga paja dogo kabla mtoto mwenyewe hajajua. Akasema nafasi ilikuwa moja na imekwenda, hawezi kumfukuza mwenye barua. Ila akitaka kujitolea, ataandikwa kwenye orodha ya zamu, na mwaka ukitimia barua ya chuo ataiandika yeye mwenyewe. Zaidi ya chakula cha mchana, hana cha kumpa. Chelangat alikubali kabla mzee hajameza funda lake la chai.

Mama wa mwisho alipoondoka, Chelangat hakuinua kichwa.

"Anayefuata."

Benchi likalia. Overoli ya manjano ikaketi.

"Unaumwa wapi?" akauliza.

"Sijarara tangu Ijumaa."

"Umetumia dawa gani?"

"Hasira."

"Hiyo haiponyi." Akaandika kitu ambacho hakikuwa na maana yoyote. "Sikuku, ni mwaka hapa, na miaka miwili ya chuo. Mitatu. Sitapunguza hata siku."

"Sijakuambia upunguze. Niandikie tu tarehe ya kurudi, kama wagonjwa wengine."

Chelangat akavuta kadi tupu, akaandika, akaisukuma juu ya meza. Sikuku akaisoma mara mbili.

Ilisema: kesho, saa mbili asubuhi, bila kukosa.