Gia ya Ngapi?

Mume wangu alikuwa na tabia moja iliyonikera. Tukifika kwenye mteremko mrefu wa kwenda sokoni, anatoa gia na kuweka nyutro. Gari linateremka lenyewe, naye anatabasamu.

"Hapa mafuta hayanywewi, mama watoto!"

"Rahisi huvunja upishi," nilimwambia mara nyingi. Alinicheka tu.

Siku moja dada yake, yaani wifi yangu, alikaa mbele. Yeye ni fundi cherehani. Nyuma nilibanwa na mafurushi ya sare za shule alizoshona. Kaka na dada walitaniana tangu nyumbani.

"Kaka, kwa ubahili huo, iko siku utatuambia tushuke tusukume!"

Tulicheka wote. Katikati ya mteremko, mume wangu akakanyaga breki. Ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Wapi!

"Breki hazishiki!"

"Acha utani, kaka."

Hakuwa anatania. Gari lilizidi kukimbia, na mbele watu walikuwa wanavuka. Alijaribu kurudisha gia, ikakataa. Ndipo akazima injini, akidhani gari litasimama. Usukani ukawa mzito ghafla. Gari likaacha barabara, likagonga ukuta upande wa wifi.

Mimi na mume wangu tulitoka na michubuko. Wifi alivunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini vidole havikupata nguvu tena. Mkono wenyewe ndio ule wa kushikia mkasi.

Gari lilivutwa mpaka gereji ya jirani yetu, mama mmoja asiyemung'unya maneno. Alifungua gurudumu, akatuonyesha.

"Breki zimeungua. Ulikuwa unateremka na nyutro?"

Mimi nikajibu, "Kila siku!"

"Basi sikiliza. Ukitoa gia, injini haikusaidii kulizuia gari. Kazi yote inaziangukia breki. Zinapata moto, mwisho hazishiki. Kabla hujaanza kuteremka, weka gia ndogo."

"Na zikikatika ghafla?" nikauliza.

"Usizime injini, usukani utakushinda. Kanyaga breki na kuachia, upesi upesi, huenda zikashika. Shusha gia moja moja. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo. Ukiivuta kwa nguvu, gari litayumba. Piga honi watu wakupishe. Kisha tafuta mwinuko, au mchanga kando ya barabara, gari likwamie hapo."

"Laiti ningeambiwa mapema," mume wangu akasema.

"Uliambiwa, jirani. Mkeo alisema mpaka mtaa mzima tukasikia."

Sikufurahi kushinda ubishi ule. Ushindi gani, na cherehani imefunikwa kitambaa?

Siku hizi wifi anauza nguo zilizoshonwa na wengine. Bado tunampeleka sokoni, ila anakaa nyuma. Juu ya mteremko mume wangu anasimamisha gari. Anapima breki kwanza. Anaweka gia. Wenye haraka wanatupigia honi, naye anawaacha wapite.

"Gia ya ngapi?" wifi anauliza.

"Ya pili, dada."

Tunashuka taratibu, injini ikinguruma. Breki zinashika. Tunafika salama kila safari, namshukuru Mungu. Lakini ndugu hawa walikuwa hawaishiwi maneno. Sasa mume wangu akishaulizwa gia na kujibu, hawasemi kitu kingine mpaka tunarudi nyumbani.