Pua ya Sabdio

Kila asubuhi maziwa ya ngamia hufika Isiolo mjini kutoka Kulamawe. Huja ndani ya mitungi ya njano, imefungwa kwa kamba juu ya gari. Kabla ya kusafirishwa Nairobi, kila mtungi lazima unuswe. Maziwa yaliyochacha yakichanganywa na mazuri, yote huharibika.

Mnusaji wa kikundi cha akina mama alikuwa Sabdio. Alifungua kifuniko, akainama, akasema, "Hii iko sawa." Au alisema, "Hii ni ya jana. Rudisha." Hata wenye ngamia walimwogopa kidogo.

Kisha pua yake ikaziba. Alidhani ni mafua, lakini mafua gani hayo yasiyoisha? Uso ulikuwa mzito, hasa akiinama. Kamasi nzito zilishuka kooni. Mwishowe harufu zote zikapotea. Chai ya tangawizi ikawa kama maji ya moto tu.

Sabdio alimwambia mumewe peke yake. Tadicha alimpenda sana mkewe, na mapenzi hayakosi vituko. Akaanza kwenda naye kwenye maziwa. Alinusa mtungi kwanza, kama mtu anayepita tu. Yakiwa mazuri, alikohoa. Yakiwa mabaya, alinyamaza.

Siku moja vumbi lilimwingia kooni. Akakohoa mbele ya mtungi mbaya. Sabdio akasema, "Hii iko sawa." Maziwa ya siku ile yote yalichacha njiani.

Sabdio akakiri kwamba pua yake hainusi tena. Farhiya, kiongozi wa kikundi, alimshika mkono. "Dada, tunakupenda. Lakini wacha mwingine anuse kwanza. Tafuta dawa. Kazi yako itakungoja."

Sabdio alirudi nyumbani na uchungu moyoni. Akawasha vijiti ambavyo akina mama hufukizia mitungi ili moshi wake uisafishe. Akajifunika shuka, akavuta moshi puani. Jirani yake Teresia akamkuta hivyo. Teresia ni muuguzi katika kliniki ya masikio, pua na koo.

"Salaam aleikum, Mama Kuno. Unapika nini ndani ya shuka?"

"Aleikum salaam. Natengeneza pua. Moshi ikisafisha mtungi, itashindwa na pua?"

Teresia alicheka, kisha akamfunua taratibu. "Mtungi ni plastiki, mama. Wewe ni nyama. Moshi inafanya ndani ivimbe zaidi."

Akaketi naye. "Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo vya hewa," alieleza. "Kila chumba kina mlango wa kuingia puani. Mlango ukivimba, uchafu unakwama. Kuja kliniki, daktari akuangalie."

Daktari alimpa dawa ya kupuliza puani. Akamfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi. Sabdio alifuata maagizo kwa miezi mitatu. Uzito wa uso ulipungua, lakini harufu hazikurudi. Picha ya kichwa ilionyesha vinyama laini vimeziba milango ile. Havikuwa saratani. Daktari akashauri upasuaji katika hospitali kubwa.

Sabdio aliogopa. "Wanipasue uso? Mtoto wangu Kuno atanikimbia!"

"Hakuna kisu usoni," Teresia alisema. "Utalala kwa dawa, hutasikia kitu. Daktari anaingiza puani kifaa chembamba kama mswaki wa mti. Kina taa na kamera. Anaona ndani kwa televisheni. Anatoa vinyama, anapanua milango."

"Hakuna hatari?"

"Iko, lakini ni kidogo. Pua iko karibu na macho na ubongo. Ndiyo maana walipiga picha kwanza."

"Na harufu itarudi?"

"Kwa wengi inarudi, pole pole. Wengine hairudi yote. Siwezi kukudanganya."

Tadicha, aliyeketi nao, alimsogelea mkewe. Akasema, "Sabdio, Mungu hakuniumba ninuse maziwa. Aliniumba nikae na wewe. Twende. Nitangoja mlangoni."

Wakaenda. Sabdio alipoamka, pua ilikuwa na pamba yenye damu kidogo. Alipapasa uso wake. Ulikuwa ule ule.

"Usipenge kwa nguvu," muuguzi wa wodi alimwambia. "Usibebe vitu vizito. Osha pua na maji iliyochemshwa ikapoa, na chumvi. Dawa ya kupuliza usiache, vinyama vinaweza kuota tena. Damu ikitoka nyingi, jicho likivimba, au usipoona vizuri, kuja haraka."

Nyumbani alitii yote. Kazi ya kufukiza mitungi aliwaachia wengine. Alipumua vizuri, lakini wiki zilipita bila harufu yoyote. Siku nyingine alilia. Tadicha alimfuta machozi.

Jioni moja Tadicha alitoka soko la mbuzi. Akaketi karibu na mkewe. Sabdio akakunja uso.

"Tadicha."

"Naam?"

"Hebu sogea huko."

"Nimekosa nini?"

"Unanuka beberu!"

Tadicha aliruka juu. "Napigia Farhiya simu sasa hivi!"

"Utampigia. Lakini kwanza nenda uoge."

Tadicha hakwenda kuoga. Aliketi tena, karibu zaidi, machozi yakimtoka.

"Sema tena," alimwomba. "Nanuka nini?"