Neno la Pili

"Sitaki kukuona humu ndani," Fundi alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kaa hapo kwenye benchi."

Barafu akakaa.

"Sikai," alisema akiwa ameshakaa. "Nimefuata koti langu tu. Lori la kampuni liko nje linanisubiri."

Walimwita Barafu kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na pia kwa sababu akinuna, ananuna kweli. Jioni hiyo alikuwa anahamia mji wa mbali, kwenye ghala la kuhifadhia samaki na nyama. Mkataba wa miaka miwili. Miezi minne nyuma, yeye na Fundi walikuwa wachumba. Sasa walikuwa mteja na fundi, na hata hilo walilimudu kwa shida.

"Koti halijaisha," alisema Fundi.

"Shangazi yako alinipigia jana. Kasema limeisha."

Shangazi mtu, mwenye duka, alikuwa pembeni ananyoosha mashati ya shule kwa pasi.

"Shikamoo shangazi."

"Sikuitikii, umetutupa. Marahaba mwanangu, hujambo? Na msiniingize kwenye mambo yenu, mimi simo. Koti limeisha tangu Jumatatu. Kabandua vifungo, kavishona upya, kavibandua tena."

"Shangazi!"

"Haya, nimenyamaza. Usiku analia pia."

Jamani, ukoo ule! Kwao neno la kwanza hutoka na hasira, la pili ndilo hutoka moyoni. Wateja walishamzoea Fundi. Mtu analeta kitambaa, Fundi anafoka, "Hiki sishoni, peleka kwingine," huku tepu imeshazunguka kiuno cha mteja. Hakuna aliyenuna. Walisubiri tu neno la pili. Barafu naye alikaa na watu hao muda mrefu mpaka ugonjwa ukamshika.

Fundi akalitoa koti kwenye hanga.

"Livae nione. Usilivae, mikono yako ina vumbi. Vaa."

Akalivaa. Fundi akamzunguka kwa nyuma, akapitisha viganja mabegani kama anavyofanya kwa wateja wote. Harufu ilikuwa ileile, sabuni ya mche na chuma cha kazini. Akasimama pale muda mrefu kuliko koti lilivyohitaji.

"Umekonda."

"Sijakonda."

"Basi koti ndilo limenenepa."

"Nimekonda kidogo," alisema Barafu. "Chakula hakipiti. Kinapita, ila hakina ladha."

Nje honi ikalia. Dereva alikuwa mtu wa haraka zake.

"Nenda, unaitwa," alisema Fundi. "Subiri, mkono huu mrefu."

"Mkono uko sawa."

"Nimesema mrefu! Au mfupi. Simama niangalie."

Akapiga goti moja kwenye kigoda, akaushika mkono wa koti, pini mdomoni. Hakupachika pini hata moja. Barafu akamtazama utosini, nywele zimefungwa na kipande cha kitambaa cha koti lake mwenyewe, ile bluu ya giza.

"Mimi sikuulizi kitu," alisema. "Nakuuliza. Kwa nini uliniambia nisirudi?"

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja.

Siku ile waligombana kwa simu. Barafu alikuwa ameahirisha tena kumleta mjomba wake nyumbani kwa kina Fundi kujitambulisha. Fundi alipandwa na hasira, akamwambia asirudi tena. Barafu akakata simu. Baadaye kidogo ukaingia ujumbe wake: "Sawa. Sitakusumbua tena." Basi. Kimya kikaanza, kikakaa.

"Sikukwambia usirudi," alisema Fundi.

"Uliniambia. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilikwambia usirudi, halafu nikakwambia rudi!"

"Hukusema."

"Nilisema! Nilisema rudi, rudi hata sasa hivi, nimechoka kukaa bila wewe. Nikaongea weee, mpaka nikashangaa mbona hupumui. Kutazama simu, ulishakata zamani."

Miezi minne yote! Neno alilolihitaji Barafu lilitamkwa, yeye hakuwepo.

"Unanijua miaka yote hii," Fundi aliendelea, sauti inakatika. "Umewahi kunisikia nikiishia neno la kwanza? Hata siku moja? Siku hiyo hiyo ndiyo ukaamua kuniamini!"

"Niliumia."

"Na mimi je? Ulituma ujumbe mmoja. Mmoja! Nilikaa na simu nikisubiri wa pili. Nikaenda nayo bafuni. Nikaiweka chini ya mto. Nikasema huyu ni mtu wetu, hawezi kuishia wa kwanza."

"Wa pili niliuandika."

"Uko wapi?"

"Sikuutuma. Niliogopa ungejibu kwa hasira."

"Ningejibu kwa hasira! Kisha ningejibu vizuri!"

Shangazi akaweka pasi pembeni. "Mimi sisikilizi," alisema. "Uliandika nini, mwanangu?"

Barafu akatoa simu, akatafuta, akampa Fundi. Ulikuwa pale kwenye ujumbe ambao haujatumwa: "Nitakusumbua. Siwezi kuishi bila kukusumbua."

Fundi akasoma. Akasoma tena. Akaishika simu kifuani kwa mikono miwili. Honi ikalia tena, safari hii ndefu ya matusi.

"Nimesaini mkataba," Barafu alisema taratibu. "Lazima niende."

"Nenda. Usiende." Fundi akajifuta macho kwa tepu. "Nenda, ni kazi. Ila miaka miwili, jamani, miaka miwili!"

"Mwisho wa mwezi napata ruhusa. Nitakuja nyumbani na mjomba."

"Uliwahi kusema hivyo."

"Niliwahi. Safari hii nakuja."

Akatoka mbio na koti mwilini. Fundi akasimama mlangoni mpaka lori likakata kona, kisha akaendelea kusimama.

Mwezi ule haukutaka kwisha. Simu ikawa chakula.

"Sijakumisi," Fundi aliandika jioni moja. Ujumbe wa pili ukafuata hapo hapo: "Leo nimeshona suruali ya watu nikaweka mikono."

"Usinifikirie, nina kazi," Barafu akajibu. "Ukiacha kunifikiria nitajua."

Siku zingine mtandao ulipotea ghalani. Fundi alikaa kwenye cherehani, mguu haukanyagi, anamkumbuka mpaka mbavu zinauma. Na hofu ilikuwa ileile: mtu huyu alishaondoka kwa neno moja. Likimtoka Fundi jingine likamkera, si ataondoka tena?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Barafu akaja. Koti la bluu, mjomba pembeni, mzee wa watu mwenye kofia na heshima zake. Wakakaribishwa sebuleni.

"Sisi hapa binti hatuna," alisema baba yake Fundi kwa sauti nzito. Akageukia jikoni. "Muiteni binti yangu."

Mjomba akamtazama Barafu. Hakuelewa kitu.

Fundi akaingia, akaketi mkekani karibu na shangazi. Macho yote kwake.

"Mama," baba alisema, "wageni hawa wanasema wametumwa na moyo wa kijana wao. Unamfahamu? Unamtaka?"

Fundi alikuwa amejifunza jibu wiki nzima. Alilisema mbele ya kioo, akalisema mbele ya cherehani. Lakini woga ulimbana, na mdomo wake, kama kawaida yake, ukatangulia.

"Simtaki," alisema.

Shangazi akajipiga paja. Fundi mwenyewe akaganda kwa hofu, akamwangalia Barafu, akaona siku ile ya simu inarudi.

Mjomba alishachukua kofia yake. Akasimama, uso umemshuka.

"Tumesikia," alisema. "Asanteni. Twende, mwanangu."

Barafu hakutikisika. Aliegemea kiti vizuri, akakunja mikono, akamtazama Fundi kama mtu mwenye siku nzima.

"Kaa, mjomba," alisema. "Hajamaliza kusema."

Machozi yakamtoka Fundi.

"Namtaka," alisema. "Namtaka sana."

Mjomba akakaa, akaiweka kofia magotini.