Kofia Nyekundu Msibani

Nina miaka arobaini na moja, mkulima wa korosho hapa Mtawanya, Kibiti. Wanaonicheka kwamba mke kaniacha, na wacheke! Hilo dogo. Kubwa sijamwambia mtu, nawaambieni ninyi msionijua.

Kaka yangu Athumani, tumbo moja, alikuwa anatembea na mke wangu. Niliwafumania kwa macho yangu, tena ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe! Ningefanya nini? Niite majirani waje kunicheka? Nikageuka, nikarudi shambani.

Lakini nilikuwa na siri yake. Kaka ndiye aliyemgonga mtoto kwa pikipiki kule Bungu, mtoto akafa, yeye akakimbia. Baba wa mtoto, mkulima wa mpunga huko Delta, alikuwa akimsaka bila kumjua sura. Namba yake alikuwa ameisambaza vijijini; nikampigia simu, jina sikutaja. Nikamwambia mtu wako yuko Mtawanya, kofia nyekundu haimtoki kichwani, anachechemea mguu wa kushoto. Kisha laini nikaitupa chooni.

Haikupita wiki, kaka akaumwa na nyoka shambani. Akafia njiani, hata hospitali ya Mchukwi hatukufika. Nililia, jamani... nililia kweli! Ndugu ni ndugu. Nikasema yule baba akija atakuta kaburi, yameisha.

Nilisahau utani!

Kwetu msiba bila mtani wa kumwiga marehemu haujawa msiba. Mtani wetu Saidi, rafiki yangu tangu utotoni tukiamia ndege wasile mpunga, alivaa shati la marehemu na ile kofia nyekundu, akaanza kuchechemea uani. "Mnanililia nini? Sijafa! Ubwabwa wangu uko wapi?" Watu hoi. Hata mama, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu maziko, alicheka.

Ndipo akaingia mgeni na panga. Akamuuliza Saidi, "Wewe ndiye uliyemgonga mwanangu Bungu?"

Saidi akajibu kwa madaha, "Ndiye mimi! Na wewe sogea nikugonge!"

Mimi nilikuwa pale. Nilishajua mgeni ni nani. Neno moja tu, "Si yeye!", lingetosha. Lakini wangeniuliza, umejuaje?

Panga likashuka shingoni. Na wallahi watu walikuwa bado wanacheka! Walidhani mgeni naye ni mtani. Mpaka damu ilipofika kwenye mkeka wa akina mama.

Mgeni yuko jela. Alisema aliambiwa kwenye simu, na nani, hajui.

Kwenye msiba wa Saidi, zamu ya utani ikawa yetu. Mjane wake akanitolea kanzu ya mumewe mlangoni. "Shemeji, wewe ndiye uliyemjua. Tuchekeshe." Nikaivaa! Nikaiga kikohozi chake, mwendo wake, watu wakacheka mpaka machozi. Mjane akasema kutoka ndani, "Ahsante shemeji, umenirudishia mume wangu."

Ndugu zangu, ukiwa na hasira na nduguyo, mfuate usoni. Tukananeni, piganeni, susianeni, yaishe! Usimpe mtu baki kisasi chako akubebee, maana hutajua atamshushia nani. Mimi nilimnyima Saidi neno moja. Leo nani atanipa mimi usingizi?

Kanzu nilimrudishia mjane, akakataa. Kasema nikae nayo, niivae Idi.