Waya wa Taa Nyekundu

Foleni ya malori ilianzia kwenye geti la mpaka, ikapita soko la Busia, na katikati yake lori moja jeupe lilikuwa limegoma. Madereva wa nyuma walipiga honi na kutukana kwa lugha tano. Mbele ya injini alisimama Engole, fundi wa Molo ya upande wa Uganda, mwenye mabega mapana na suruali iliyolowa girisi. Alikuwa amekita bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini ameuweka sikioni, macho ameyafumba.

"Samahani," ilisema sauti ya kike. "Unaongea nayo au unaiombea?"

Akafumbua macho. Msichana alivaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, kitambaa chekundu kichwani na hereni ndogo zinazometameta. Mkononi alishika kimashine chenye kioo.

"Mimi nasikia pampu," Engole akajibu. "Pampu nakufa. Wewe nauza simu?"

"Hii si simu, hii inapima gari. Mwenye lori ndiye ameniita." Akachomeka waya chini ya usukani, akasubiri, akasoma. Kisha akacheka kwa mshangao. "Pampu ya dizeli! Aki wewe fundi una masikio."

"Na wewe una macho," Engole akasema, na hakuwa anazungumzia kioo.

Ndivyo walivyoanza. Nerima alizaliwa upande wa Kenya, akasomea magari ya kompyuta, na sasa alifundisha katika karakana moja ya Tororo. Engole alijifunza kazi kwa kumshikia mjomba wake spana tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Walipendana waziwazi, mpaka wauza vitunguu wakawa wanawaimbia wakipita.

"Daktari wa malori, umekula?" Engole alikuwa akipiga simu kila adhuhuri.

"Sijala, roho yangu. Niletee roleksi, chapati ya kukunjia mayai mawili."

"Mbili? Wewe namaliza kuku ya Uganda yote!"

Nerima alimnunulia shati jeupe lenye mistari ya kijani, la kuvaa Desemba atakapokwenda kujitambulisha kwa wazazi wake. Engole alilitundika ukutani na kila asubuhi akalitazama.

Lakini malori mapya yaliendelea kuja, na kila jipya lilijaa kompyuta. Wateja wake wa miaka mingi sasa walimpungia mkono tu, wakapita kwenda kwa wenye mashine. Nerima alimsihi ajiunge na darasa lake. Engole akageuza kila ombi kuwa mzaha. Tuseme ukweli, haikuwa kiburi peke yake. Mtu huyu aliacha shule darasa la tano, na kioo kile kiliandika Kiingereza. Aliogopa kusoma kama mtoto mbele ya mwanamke anayempenda.

Nerima akachoka kusihi. Akaandika jina la Engole kwenye orodha ya darasa bila kumwambia. Engole alilisikia kwa vijana waliokuwa wakinywa chai kibandani. "Mzee," walimcheka, "Jumatatu tunakaa na wewe dawati moja!"

Akapiga simu papo hapo.

"Nerima, wewe naandika jina yangu kwa shule ya watoto?"

"Nilitaka kukwambia Jumapili, mpenzi. Ni miezi mitatu tu. Kazi inakwisha mikononi mwako na wewe unaiangalia."

"Unaona aibu na mimi! Wewe nataka kunipeleka kwa baba yako na cheti shingoni."

"Sikio la kufa..." akaanza, akajizuia.

"Maliza!"

"Halisikii dawa."

Kumwambia hivyo mtu anayekula kwa masikio yake kulikuwa ukatili, na Nerima alijua hivyo kabla hajamaliza. Simu ikakatwa. Wiki mbili zikapita bila mmoja wao kumpigia mwenzake.

Katika wiki hizo alikuja Oriokot, dereva aliyekua na Engole kijiji kimoja. Lori lake jipya lilikuwa limejaa chumvi, na taa nyekundu ya breki iliwaka mbele ya usukani.

"Tangu jana haizimi," Oriokot alisema. "Ita Nerima na mashine yake."

"Nerima hapana," Engole akasema.

Akaingia uvunguni na bisibisi yake. Alisikiliza mipira ya upepo wa breki, haikuvuja. Akagonga tangi, likaitika kama lililojaa. Alisikiliza kwa bidii zaidi ya siku zote, kwa kuwa alitaka sana kuwa sahihi.

"Gari iko mzuri," akatoka akasema. "Taa ndiyo naongopa."

"Na mwenye gari akiiona?"

Engole akapenyeza mkono chini ya dashibodi, akautafuta waya wa taa, akaukata. Mafundi wa rika lake waliijua dawa hiyo. Zamani taa ilikuwa taa tu. Oriokot akampiga bega kwa furaha, akaondoka.

Siku tatu baadaye, kwenye mteremko wa kuelekea Tororo, jabali la mji likiwa tayari mbele yake, Oriokot alikanyaga breki na lori halikusimama. Lilipindukia mtaroni. Hospitalini walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Mwenye lori akasema dereva alikuwa amelewa, hatamlipia hata dawa, na atamshtaki. Akaliburuta lori lile hadi karakana ya Tororo, akamwita Nerima alisome na kuandika ripoti.

Nerima alisoma, kisha akakaa juu ya tairi mpaka jua likamchoma shingo. Akapiga simu.

"Nerima wangu," Engole akapokea haraka. "Mimi nilikuwa..."

"Nisikilize. Niko mbele ya lori la Oriokot. Waya wa taa ulikatwa siku tatu kabla ya ajali. Kompyuta ya lori inakumbuka. Nikiandika sijui, Oriokot amekwisha. Nikiandika ninachokiona... Niambie si wewe. Nidanganye tu, nitaamini."

Upande wa pili alisikia bisibisi ikiwekwa chini.

"Usiandike kitu," Engole akasema. "Nakuja."

Alifika saa nane mchana, amevaa shati la mistari ya kijani. Lilimkaa vizuri mno, na Nerima akaangua kilio alipoliona.

"Mimi natoka kwa Oriokot. Nimemwambia. Ameangalia ukuta. Onyesha mimi. Mashine ingesema nini siku ile?"

Nerima akachomeka waya, akamkabidhi kioo. Engole akaweka kidole chenye ukucha mweusi chini ya kila neno na kusoma kwa sauti, akikwama, akirudia, naye Nerima akimsaidia palipomshinda. Vali ya breki. Ekseli ya nyuma. Kushoto.

"Imechukua muda gani?"

"Dakika mbili."

"Mbili tu?"

"Mbili tu, mpenzi."

Akakaa chini vumbini na shati lake jipya, akalia. Nerima akamwegemeza kichwa tumboni kwake. Hawakuwa wamekumbatiana tangu ugomvi.

"Nakwenda polisi mwenyewe," Engole akasema alipoinuka. "Andika jina yangu. Andika vizuri, wasimguse Oriokot."

"Hakuna atakayekupa lori tena. Unajua?"

"Najua."

"Na nyumbani? Desemba nitawaambia nini?"

Engole akajaribu kutabasamu, ikamshinda.

"Ambia wao fundi amekwenda shule."

Akatoka getini, akashika barabara ya kituo cha polisi. Nerima akajifuta macho kwa kitambaa chake chekundu, akaandika jina la Engole kwenye ripoti, kwa mkono uleule ulioliandika kwenye orodha ya darasa. Safari hii alikuwa ameruhusiwa.