Alama za Vema za Mwanasheria

Hebu niambie: goti lako likifungwa waya, kisha ukaambiwa ulikunje kila siku, wewe ungekubali?

Msichana mmoja wa darasa la sita hakukubali. Nyumbani walimwita Mwanasheria, maana hata uji aliuhoji kabla ya kuunywa. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za saruji shuleni, pia ya goti ikavunjika vipande viwili. Daktari akampasua, akapitisha pini mbili kwenye mfupa, akazizungushia waya kwa mbele, akashona.

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya chai, bibi yake alimpa penseli na karatasi ya mazoezi, kisha akaenda zake kuosha vyombo. Mwanasheria alibaki ukingoni mwa kitanda, akilitazama goti kwa jicho la pembeni. Mfupa uliovunjika hutulizwa, nani asiyejua? Mbona hawa wanataka ukunjwe? Labda waya wenyewe ni mbovu, wanangoja ukatike wampasue tena. Basi akaandika alama ya vema, na goti limenyooka kama rula.

Wiki ya tatu walirudi hospitali. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole mwenye macho makali, alijaribu kulikunja goti. Likagoma. Akaichukua karatasi.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na mazoezi ya keshokutwa Jumamosi umeshayafanya?"

Bibi akageuka polepole. "Haya, Mwanasheria. Kesi hii utajitetea vipi?"

Msichana akainamisha kichwa. "Waya utakatika. Na nyinyi mnajua."

"Goti likiganda hivi, kuchuchumaa utakusahau," dada akasema, wala hakugomba. Alivunja mche wa sabuni vipande viwili, akaviunganisha kwa waya mwembamba uliokazwa upande wa mbele, na kwa nyuma akachomeka kipande cha karatasi kati ya vipande hivyo. Kisha akavikunja juu ya ngumi yake, kama goti linavyokunjwa. "Vuta karatasi."

Mwanasheria akavuta. Akachungulia kama kuna gundi. Akavuta tena. Karatasi haikutoka.

"Umeona? Ukikunja kwa kipimo nilichokupa, waya unazuia huku mbele, vipande vinabanana kule nyuma. Kukunja ndiko kunakobana."

Mwanasheria akaishika ile sabuni, akaigeuza weee, mwisho akairudisha.

"Kumbe ungeuliza tu," bibi akasema. "Kushuku si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kuificha shaka chini ya alama ya vema. Shaka ukiisema, itajibiwa. Ukiificha, hapo hukumdanganya daktari, umeudanganya mguu wako mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata bibi alimpa penseli na karatasi mpya, akaelekea kwenye vyombo. Mwanasheria akalishika goti kwa mikono miwili, akasita.

"Bibi," akaita.

"Abee."

"Vyombo vingoje kidogo. Toka siku ya kwanza nilitaka ukae hapa ninapokunja."